Gemu ile ilikuwa ya wapwa wote

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nami niseme langu. Nimekuwa nikisoma kwa raha kumbukumbu za wasomaji wenzangu kuhusu gemu walizokua nazo: TV gemu za kaseti, Brick Game za betri, mabanda ya PlayStation yaliyojaa vijana mpaka mlangoni. Karibu wote walioandika ni wanaume wa rika langu, na wameandika vizuri. Ila katika barua hizo msichana simwoni, labda pale anapotajwa dada aliyetumwa bandani kumwita kaka aje kula. Dada wa namna hiyo ni mimi. Nimekulia Chikongola, hapa Mtwara mjini. Gemu hizo nilizicheza, nilizijua ndani nje, na mpaka leo zinaniingizia riziki, kwa hiyo naona si haki habari yake isimuliwe kama vile sisi hatukuwepo.

TV gemu yetu ya kwanza ililetwa na mjomba, kaka yake mama, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa shule ya msingi. Siku hizo kutoka Dar es Salaam kuja huku ilikuwa safari ya kuagana na watu. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo mnavuka kwa kivuko, na masika basi likinasa kwenye tope mnalala njiani. Mjomba alifika vumbi mpaka kwenye kope, amepakata boksi alilolinunua Kariakoo, hakutaka lipande juu ya basi na mizigo mingine. Akaliweka mkekani, akasema: "Hii ni ya wapwa zangu wote."

Kwetu neno la mjomba si dogo. Wamakonde ukoo tunauhesabu kwa mama, na mjomba akishagawa kitu kwa wapwa zake, kimegawiwa. Kaka yangu ni kifunguamimba, mimi namfuata, na mdogo wetu wa kike alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wote tulikuwemo kwenye neno lile. Naomba msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Mashine zile hazikuwa Nintendo halisi, ingawa wengi tuliziita hivyo. Kampuni ya Nintendo ilitoa mashine yake ya gemu, Famicom, huko Japani mwaka 1983, viwanda vya Taiwan na China vikaiiga na kuuza kwa majina chungu nzima. Haya nimeyajua ukubwani, nilipoanza kuzifungua mwenyewe mezani. Kaseti ya Famicom ina pini 60, na zile kaseti zetu za njano zilikuwa na pini hizo hizo 60. Maana yake watoto wa Chikongola walicheza michezo ile ile waliyocheza watoto wa Tokyo, miaka kumi na kitu baadaye. Juu ya kaseti imeandikwa kwamba ndani mna michezo 9,999,999. Ukiteremka kwenye orodha unakuta ni ile ile michache inajirudia, huku Mario anaanzia hatua ya kwanza, kule anaanzia ya nne, na kila mahali jina limebadilishwa.

TV yetu ilikuwa chogo ya inchi 14, kazi yake kuangalizia kanda za video. Gemu inachomekwa kwenye tundu la antena, halafu unazungusha kitufe kidogo cha kutafutia chaneli mpaka chenga zitulie na muziki usikike. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Kaka akizungusha anapitiliza, anarudi, anapitiliza tena, mpaka anaanza kuipiga TV makofi.

Mchezo wetu hasa, wa sisi wawili, ulikuwa Battle City, ule wa vifaru uliotengenezwa na Namco mwaka 1985. Mchezaji wa kwanza ana kifaru cha njano, wa pili cha kijani. Chini katikati kuna tai amezungushiwa ukuta wa matofali, na adui akimpiga tai mchezo umekwisha, hata kama nyote wawili bado mko hai. Vifaru ishirini vinakuja kila hatua, vinatokea juu. Mimi nilikuwa kijani. Kaka alipenda kuvifuata kule kule vinakotokea, mimi nabaki chini kumlinda tai, kwa sababu nilishaona kwamba vile vyenye mbio vinateleza pembeni mwa skrini wakati yeye anapambana katikati. Usiku tuliofika mbali ni ule ambao kila mmoja alikaa sehemu yake. Risasi yako ikimpata mwenzako, anaganda kwa muda, hawezi kusogea, na hapo ndipo ugomvi wetu wote ulipoanzia. Mama uani anasikia kelele, anasema: "Mkigombana nakifungia kabatini hicho kidude." Tunanyamaza, tunaendelea kwa kukanyagana miguu.

Mchezo huo ulikuwa pia na sehemu ya kujijengea uwanja wako mwenyewe. Humo ndimo nilimokuwa nikikaa nikiachiwa mashine peke yangu. Unachagua matofali, chuma, maji au majani, unapanga kipande kimoja kimoja. Nilimzungushia tai maji, kwa kuwa vifaru havivuki maji ila risasi hupita, halafu nikawaza risasi nitaizuia na nini, nikaweka chuma. Nikimaliza namwita kaka acheze kwenye uwanja wangu. Umeme ukikatika uwanja umekwenda, maana mashine ile haikuwa na mahali pa kutunza chochote. Na ulikuwa unakatika sana. Mtwara ya wakati huo iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, gesi ya Mnazi Bay ilikuwa bado chini ya ardhi.

Siwezi kuacha bunduki ya bata, ile ya TV gemu ya kulengea bata wanaoruka kwenye skrini. Bibi yangu mzaa mama alikuja kutoka Newala kutibiwa macho, akakaa kwetu, na jioni moja tukampa bunduki ajaribu. Ukivuta kile kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Bunduki yenyewe haitoi kitu. Ndani yake mna kijicho cha kupokea mwanga, na kikiona giza halafu weupe, bata amepatikana. Bibi hakuhitaji maelezo hayo. Alikaa mkekani amenyoosha miguu, akaegemeza kiwiko gotini, akapiga. Alipokosa, mbwa aliinuka kwenye majani akamcheka. Bibi alimchukia yule mbwa kwa dhati! Kila jioni, ming'oko ikishaliwa na vyombo kuoshwa, anauliza, "Yule mbwa mshenzi yupo?" Anataka bunduki yake. Nasikia watu wakisema gemu si mambo ya wanawake, na mimi niliyemwona bibi wa Kimakonde wa umri ule anamlenga bata, siwezi kukubali. Waliohifadhi bunduki hizo wajue kwamba kwenye TV za flati hazifanyi kazi. Picha ya flati inachelewa kidogo kutokea, na kile kijicho kimetengenezwa kungojea mwanga wa chogo unaofika kwa wakati wake.

Kisha likizo moja nikachezwa unyago.

Ya unyagoni hayaandikwi gazetini, nami siyasemi. Nayaheshimu, na mengi niliyofundwa yamenifaa. Nasema yaliyofuata. Nimetoka, nimevaa kanga mpya, ninang'aa mafuta, watu wamenitunza, siku ya pili yake nimetulia nyumbani. Kaka na rafiki zake wako mkekani mbele ya TV. Nikakaa, nikanyoosha mkono kuchukua pedi ya pili ya kuchezea gemu kama siku zote. Shangazi akanishika bega. "Mwali, umekua sasa. Hayo waachie watoto." Kaka yangu alikuwa ametoka jandoni kabla yangu, naye aliambiwa amekuwa mtu mzima, na jioni ya siku ile ile alicheza mpaka umeme ukakatika.

Shangazi alinipenda na hakuwa na nia mbaya. Lakini sijamsikia kungwi yeyote akifundisha kwamba mwanamke asishike pedi. Kilichotokea ni cha kawaida kabisa na kinatokea majumbani mpaka leo: kazi za nyumbani zilikuja upande wangu, muda wa kucheza ukahamia upande wake, na taratibu kila mtu akaanza kusema "gemu ya" kisha jina la kaka. Mjomba alikuwa Dar es Salaam. Hakuna aliyemuuliza.

Nilichobaki nacho ni Brick Game, ile ya mkononi ya matofali yanayoshuka. Mmachinga alinibadilishia kwa korosho. Mchezo wenyewe, Tetris, aliubuni Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, na kama kuna gemu ambayo wasichana wa Mtwara wa umri wangu waliijua kama kiganja cha mkono, ni hiyo, kwa sababu inaingia kwenye pindo la kanga na haihitaji ruhusa ya mtu. Nimeicheza jikoni maharage yakichemka. Betri zikiisha, ya kwenye saa ya ukutani inahama, na nyumba nzima inabaki haijui ni saa ngapi mpaka baba arudi. Rafiki zangu watatu, wanne hivi, nao walikuwa nazo, na tulishindana kwa kuoneshana alama kisimani. Hii haimo kwenye barua za wenzangu, na haiwezi kuwemo, kwani hawakuwa kisimani.

Mwaka 2003 baba alimnunulia kaka PlayStation iliyotumika. Fedha ilitoka kwenye korosho za shamba letu la Nanyamba, ambako tuliokota wote, kuanzia alfajiri, miguu ikinata kwa maji ya mabibo. Sikulalamika wakati ule. Nalisema leo kwa kuwa jembe na ndoo havikuwa vya kaka, ila gemu ikawa ya kaka.

Sony walianza kuuza PlayStation Japani Desemba 1994, hivyo ya kwetu ilikuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika Chikongola. Baada ya muda ikaanza kukataa kusoma diski. Picha inaganda mpira ukiwa hewani, sauti inakwama. Mwenye banda wa mtaa wa pili akamwambia kaka aigeuze juu chini, na kweli ikasoma. Kaka aliridhika, akawa anaichezesha hivyo hivyo, kichwa chini. Mimi sikuridhika. Nilitaka kujua kwa nini.

Basi kaka alipokwenda shule za bweni nikaitoa kabatini, nikachukua bisibisi ya cherehani ya mama. Nakumbuka kila kitu kilichokuwa chini ya kile kifuniko. Lenzi ni ndogo kama tone la maji, ina rangi ya bluu ukiitazama kwa upande, imekaa kwenye kitoroli cha plastiki kinachotembea kwenye reli kwenda na kurudi. Nilikisukuma kwa ncha ya kidole. Upande mmoja kilitembea laini, upande mwingine kilikwaruza. Plastiki ilikuwa imelika. Mashine za toleo la mwanzo ndivyo zilivyokuwa: lenzi imewekwa karibu na sehemu ya umeme, joto linaipata, plastiki inachakaa, kitoroli kinainama na lenzi haiangalii tena diski sawasawa. Ukiigeuza mashine, uzito unahamia upande wa pili na inainuka kidogo. Mama alikuwa muuguzi, nyumbani pamba na spiriti havikosekani. Nikasafisha lenzi, nikafuta vumbi la reli, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Nikafunga. Nikaiweka kama inavyopaswa kukaa, nikawasha. Ikasoma.

Mama alisimama mlangoni muda wote huo na sare yake ya kazini, hakusema kitu. Jioni akamwambia baba: "Huyu usimtafutie chuo cha ushonaji." Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda kukaa kwa fundi redio mmoja, mzee mvumilivu sana, nikaanza kwa kushika taa na kuokota skrubu. Leo nina meza yangu. Natengeneza simu, TV, redio za magari, na pedi za PlayStation kila wiki.

Pedi hizo ndizo zilizonifanya niandike. Wanaozileta wenyewe ni wavulana. Msichana akija nazo, nikimuuliza ina tatizo gani, anajibu, "Sijui, ya kaka." Nikimwambia ishike basi uijaribu kama imepona, anaishika vizuri, vidole viwili juu, gumba kwenye kijiti, na hapo najua kwamba anacheza nyumbani wakati kaka hayupo. Miaka zaidi ya ishirini imepita na hakuna kilichosogea.

Mabanda nayo nayajua. Nilitumwa huko mara nyingi kumfuata kaka. Pazia mlangoni, benchi, TV ndani ya kiboksi cha mbao chenye nondo, joto, na sheria yao: mshindi anabaki, aliyefungwa analipa. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba wasichana wasiingie. Hakukuwa na haja. Unafungua pazia tu, wote wanageuka kukuangalia, na mmoja anaanza maneno yake. Kuna wasomaji waliosikitika kwamba mabanda yanakufa kwa sababu kila kijana ana simu. Nami nasikitika, kwa kuwa yalikuwa mahali pa watu kukaa pamoja. Ila nusu ya watoto wa mtaa hawakuwahi kukaa humo.

Naomba nimpe kila mwenye banda habari moja. Pac-Man, yule mdomo wa njano anayekula nukta, alikuwemo kwenye kaseti zetu zote. Aliyembuni ni Toru Iwatani wa Namco, mwaka 1980, na amewahi kueleza kwamba kumbi za gemu za Japani zilikuwa za wanaume na michezo yake ni ya vita, akataka mchezo utakaowavuta wanawake waingie. Ndipo akawaza kula. Mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya wasichana ulifika mpaka Mtwara, sisi tukakaa nje ya pazia. Na wapo wanawake waliozitengeneza gemu zenyewe: Carol Shaw wa kampuni ya Activision aliandika programu ya River Raid kwa ajili ya mashine ya Atari mwaka 1982, na muziki wa Street Fighter II, ambao kila aliyepita bandani anaweza kuuimba kwa mluzi, sehemu kubwa ni kazi ya Yoko Shimomura. Wazazi wanaosema hizo ni kazi za kiume wawe na habari.

Simwombi mtu ajenge kitu kipya. Wenye mabanda, toeni asubuhi moja ya wiki iwe ya wasichana, mama au dada mkubwa awepo, bei ile ile. Asubuhi banda liko tupu, hupotezi kitu. Mmoja wa jirani yangu nimeshazungumza naye, amekubali Jumamosi kabla ya adhuhuri, na mimi nimempa PlayStation 2 niliyoifufua kwa vipuri pamoja na TV ya chogo. Wazazi, mkinunua gemu semeni kama alivyosema mjomba wangu, na mseme mbele ya watoto wote, halafu simamieni zamu zifuatwe hata binti akishatoka unyagoni. Na wewe Mhariri, kwa kuwa umetenga nafasi kwa kumbukumbu hizi, watafute kina mama wa Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba uwaulize walicheza nini na wapi. Watakwambia.

Kaka yangu nimemsomea barua hii kabla ya kuituma. Yuko Masasi, ana mabinti. Amesema Battle City anakubali nilikuwa namlinda tai, ila ananidai kwa mara zote nilizomgandisha.

Mwisho, wenye mashine za zamani zilizolala uvunguni wasiziuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla sijaziona. Kaseti za njano zenye pini 60 nazitaka hata zikiwa zimepasuka. Pedi zenye waya mzima nazitaka zaidi, kwani za PlayStation 2 zinakatika pale pale waya unapoingilia, na wasichana wa Jumamosi wameshakuwa wengi kuliko pedi nilizonazo.

Fundi wa kike,
Chikongola, Mtwara